Ua jeupe uani si lazima liwe asumini

Kichaka chenye maua meupe kimeota uani na hukijui? Usianze na ua, anza na jani. Lichume kwenye tawi bichi, utazame kikonyo. Likitoa utomvu mweupe, mzito kama tui la kwanza, hiyo si asumini hata kama usiku inanukia uani kote. Mimea mingi yenye maua kama hayo na utomvu mweupe ina sumu: nawa kwa sabuni, usijishike macho, na maua yake usiyatie kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia.

Utomvu usipotoka, pasua ua kwa ukucha, kwa urefu. Asumini ya petali chache ina stameni (vijiti vya ua vyenye chavua) 2 tu ndani ya mrija. Ile iliyojaa petali kama kijiwaridi huwapoteza wengi, maana stameni zake huenda zimegeuka petali. Hapo tegemea majani: hukaa mawili mawili yakielekeana, pengine matatu. Yakipishana moja moja, tafuta jina jingine.

Kagua wakati wa magharibi, asumini inapofunguka. Ukitaka kumuuliza mjuzi, piga picha ua kwa mbele na ubavuni, jani kwa nyuma, na kifundo cha tawi, sarafu kando ionyeshe ukubwa.