Jinsi ya kuitazama picha ya kuchorwa mpaka uione

Ukitaka kumaliza picha 300 za jumba la makumbusho kwa saa mbili, kila moja itapata sekunde 24, na ndani ya hizo unatakiwa pia kutembea. Chagua tatu tu, kila moja uipe dakika kumi. Moja iwe maarufu, mbili ziwe za wachoraji ambao majina yao hujawahi kuyasikia. Picha maarufu ina shida yake: umeiona mara nyingi mno kwenye vikombe na fulana, hivyo ukifika mbele yake unaitambua tu, huitazami. Ile isiyojulikana haikupi nafasi ya uvivu huo, maana hakuna aliyekutangulia kukwambia uone nini.

Lebo isubiri. Wengi husoma jina kwanza, huitupia picha jicho kuhakikisha kuwa ndiyo yenyewe, kisha husogea. Dakika tatu za mwanzo zipite bila kujua ni kazi ya nani.

Mahali pa kusimama

Anza mbali. Kadiria urefu kutoka kona moja hadi kona ya mkabala, uzidishe kwa moja na nusu. Picha ya sentimita 80 kwa 60 ina ulalo wa mita moja, basi simama mita moja na nusu. Fumba macho nusu. Vitu vidogo vitapotea, yatabaki mabaka ya mwanga na giza, na hayo ndiyo mifupa ya picha. Tafuta mwanga unatoka upande gani, baka linalong'aa kuliko yote liko wapi, na jicho likiondoka hapo linavutwa wapi.

Kisha sogea hadi nusu mita hivi, mikono ikiwa mgongoni. Kidole kinachoelekeza ndicho hugusa rangi bila mwenyewe kujua, na kengele ya ulinzi hulia kwa sababu yake. Usijaribu kukagua kila sehemu. Angalia penye mwanga mkali kabisa, angalia kingo ambapo mwili unakutana na mandhari ya nyuma, halafu angalia mikono ya watu. Mikono ni migumu kuchora. Kazi iliyoachiwa mwanafunzi mara nyingi hujulikana hapo.

Mwisho simama pembeni, karibu na ukuta. Mwanga unaopita juu ya uso wa picha kwa ubapa huonyesha matuta ya rangi, nyufa na viraka vya matengenezo. Ipo hata picha iliyochorwa kwa hesabu ya pembeni. Katika Mabalozi ya Hans Holbein (1533), iliyoko National Gallery, London, kuna kitu kirefu cha ajabu kimelala sakafuni kama doa. Ukienda upande wa kulia na kuitazama kwa mshazari, doa hilo linakuwa fuvu la kichwa.

Sentimita chache za rangi

Ukitaka kujua kwa nini ukaribu una faida, chukua Msichana Mwenye Hereni ya Lulu ya Johannes Vermeer, ya mwaka 1665 hivi, iliyoko Mauritshuis mjini The Hague. Ni ndogo, sentimita 44.5 kwa 39. Kwa mbali lulu ni nzito, ya duara, inaning'inia. Ukisogea, haipo. Kuna mguso mmoja mnene wa rangi nyeupe juu kushoto, na chini yake ukungu laini unaorudisha weupe wa kola. Hakuna mstari wa kuizunguka wala kulabu ya kuishikilia sikioni. Duara lote unalitengeneza wewe kichwani. Rudi nyuma hatua mbili, na lulu inarudi. Fanya safari hiyo ya mbele na nyuma mara tatu au nne kwa kila picha.

Kabla ya kusifia giza

Giza jeusi nyuma ya msichana huyo halikuwa hivyo. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kuwa Vermeer alichora pazia la kijani, lakini rangi zake zimeharibika kwa miaka. Kosa linalowapata hata watazamaji wazoefu ni hili: kumsifu mchoraji kwa kitu kilichofanywa na muda.

Mfano wake mkubwa ni Doria ya Usiku ya Rembrandt (1642), Rijksmuseum, Amsterdam. Jina hilo lilikuja baadaye, vanishi, yaani tabaka angavu la kulinda rangi, ilipokwisha kuwa nyeusi na kushika uchafu. Rembrandt alichora watu wanaotokea mchana. Isitoshe, mwaka 1715 picha ilikatwa pande zote nne ili ienee kwenye ukuta mwingine, na upande wa kushoto ulipoteza kipande cha takriban sentimita 60. Kwa hiyo mpangilio unaouona leo, kapteni akiwa karibu na katikati kabisa, ni kazi ya mkasi pia. Naye Van Gogh alimwandikia mdogo wake, Theo, kwamba kuta za Chumba cha Kulala ni za zambarau. Leo ni za buluu, kwa sababu wekundu uliochanganywa humo umepauka.

Sasa soma lebo

Soma maneno yaliyo karibu na jina. Jina peke yake lina maana kwamba wataalamu wanaamini mkono ni wake. "Inadhaniwa ni ya" ina shaka ndani yake. "Karakana ya" ni kazi ya wasaidizi chini ya usimamizi wake. "Mfuasi wa" ni mtu mwingine aliyeiga mtindo, huenda bila kukutana naye kabisa. "Nakala kutoka kwa" inajieleza. Vipimo huandikwa kimo kwanza, upana baadaye. Angalia pia kama ni turubai au ubao: wachoraji wa zamani wa Italia walipenda mbao za mpopla, wale wa kaskazini mwaloni.

Lebo hukosea, na hapa ndipo wasiojulikana wanapokuwa na utamu. Judith Leyster alizaliwa Haarlem mwaka 1609, akaingia chama cha wachoraji cha mji huo mwaka 1633. Alipofariki mwaka 1660 jina lake lilizama, na picha zake zikawa zinauzwa kama za Frans Hals, mchoraji maarufu wa mji huohuo, au za mumewe, Jan Miense Molenaer. Mwaka 1893 mtaalamu Cornelis Hofstede de Groot alitambua kwamba picha iliyonunuliwa kama ya Hals ilikuwa na saini ya herufi J na L zilizounganishwa na nyota. Leyster maana yake ni nyota ya kuongozea njia.

Itafute picha yake aliyojichora mwenyewe, ya mwaka 1630 hivi, iliyoko National Gallery of Art, Washington. Amegeuka kwenye kiti, kiwiko kimeegemea, mdomo wazi kidogo kama anayetaka kusema. Mkono mmoja umebeba fungu la brashi na ubao wa rangi. Brashi ya mkono mwingine imekaa kwa mlalo unaofuata upindi wa mpiga fidla aliye kwenye turubai mbele yake. Kola ni kubwa, nyeupe, isiyofaa kabisa kwa kazi ya rangi: hizo ni nguo za kujitangaza. Chini ya mpiga fidla huyo, uchunguzi umegundua uso wa mwanamke uliofunikwa. Iweke kwenye skrini kando ya picha yoyote ya Hals na ulinganishe mipigo ya brashi kwenye mashavu na vitambaa.

Ukiyasoma maisha ya mchoraji, uliza nani alilipa, picha ilikusudiwa ukuta gani, na rangi gani zilipatikana. Mirija ya bati ya kuhifadhia rangi ilipewa hataza mwaka 1841, ikarahisisha sana kuchora nje kwa rangi za mafuta. Hilo hukueleza mengi kuliko mapenzi yaliyovunjika. Wapo wanaoona kifo katika Shamba la Ngano lenye Kunguru wakidhani ndiyo picha ya mwisho ya Van Gogh. Inayoaminika kuwa ya mwisho ni Mizizi ya Miti, na kunguru hawamo.

Ukitazama kwenye skrini

Rijksmuseum, The Met ya New York na Art Institute of Chicago huruhusu kupakua bure picha nyingi kwa ubora mkubwa. Zima kwanza kichujio cha usiku kwenye simu, la sivyo buluu zote zitageuka kijivu. Skrini huua ukubwa: Mona Lisa (sentimita 77 kwa 53) na Las Meninas ya Velázquez (318 kwa 276) huonekana sawa. Weka alama za vipimo ukutani kwa utepe wa karatasi, kisha simama mbele yake kwa umbali uleule wa mara moja na nusu ya ulalo. Kwa Las Meninas ni zaidi ya mita sita, basi huenda ukahitaji kufungua mlango.