Kutafuta mahali pa kupigia picha ndege wa porini Uingereza: jua, upepo na maji kwanza

Ndege wapo kila pembe ya Uingereza. Shida ni kumpata aliye karibu, jua likimpiga usoni, na nyuma yake pakiwa safi. Mtu husafiri saa nne kwenda hifadhi yenye sifa, akakaa kwenye kibanda cha kujifichia kinachotazama kusini katikati ya mchana, akarudi na vivuli vyeusi juu ya maji yanayong'aa. Mwenzake aliyebaki kwenye bwawa la mtaani, akijua jua liko upande gani, anarudi na picha. Ndiyo maana tunaanza na namna ya kupima mahali, majina yatafuata.

Umbali kwanza

Tuseme una lenzi ya milimita 500 kwenye kamera ya sensa kamili (full frame). Mdiria ana urefu wa sentimita 16 hivi. Akiwa mita 10 kutoka kwako, anachukua theluthi ya kimo cha picha. Mita 20, anabaki sehemu ya sita. Mita 30, sehemu ya tisa, na hapo hata ukikata picha utapata punje punje tu. Ganeti, ndege mkubwa mweupe wa baharini mwenye mabawa ya sentimita 180, anajaza zaidi ya nusu ya upana wa picha hata akiwa mita 40.

Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu mahali popote ni moja: ndege huyu hufika umbali gani? Kuambiwa "wapo" hakutoshi. Hifadhi nyingi zilijengwa kwa ajili ya watu wa darubini, na darubini inaridhika na mita 80. Vibanda vingi pia vimeinuliwa juu, hivyo unampiga ndege mgongo wake na nyuma yake ni maji matupu. Tafuta kibanda ambacho dirisha lake liko karibu na usawa wa maji. Tofauti utaiona kwenye picha ya kwanza: bata anayetazamwa macho kwa macho anakuwa na nyuma laini iliyofifia, na anaonekana kiumbe mzima.

Jua halipiti utosini

Aliyezoea jua la Dodoma au Mombasa inabidi ajifunze upya. Uingereza jua hupita upande wa kusini na halifiki utosini kamwe. London, mwishoni mwa Desemba, katikati ya mchana liko nyuzi 15 tu juu ya upeo. Juni linafika kama nyuzi 62. Faida yake ni kubwa: wakati wa baridi mwanga ni wa pembeni siku nzima, ule tunaoupata nyumbani kwa dakika chache asubuhi na jioni. Hasara ni kwamba linachomoza saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Juni ni kinyume chake: linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama saa tatu na dakika ishirini usiku, na kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni mwanga ni mkali mno kwa ndege mweupe.

Kutokana na hilo, kibanda kinachotazama kaskazini kina jua mgongoni karibu siku nzima. Kinachotazama magharibi ni cha asubuhi, kinachotazama mashariki ni cha alasiri. Kinachotazama kusini kiache, isipokuwa siku ya mawingu mepesi au kama unataka vivuli makusudi.

Kisha upepo. Ndege huruka na kutua akiukabili upepo. Ukiwa na upepo mgongoni, anakujia uso kwa uso. Ukiwa nao usoni, utapata mikia. Upepo wa kawaida wa Uingereza hutoka kusini magharibi, na jua la alasiri nalo liko upande huohuo. Hivyo kwenye ziwa lolote, siku ya kawaida, mahali pa kuanzia ni ukingo wa kusini magharibi, baada ya saa nane mchana, ukitazama kaskazini mashariki. Watu wengi husimama pale maegesho ya magari yalipo.

Fungua ramani ya Ordnance Survey ya kipimo cha 1:25,000 uone kama kuna njia ya umma upande unaoutaka. Njia hizo zimechorwa kwa mistari ya kijani ya vipande. England na Wales kwa kawaida unabaki kwenye njia hizo. Uskoti, sheria ya mwaka 2003 inakuruhusu kupita karibu popote ilimradi husumbui wala kuharibu. Baada ya ramani, ingia eBird au BirdTrack, tovuti ambazo watu huandika ndege waliowaona, uangalie ni wiki zipi ndege unayemtaka huonekana hapo kwa wingi. Usikimbilie taarifa za ndege adimu: utakuta watu hamsini, na ndege yuko mbali.

Snettisham: hapa ratiba ni ya bamvua

Mtu wa pwani yetu ana faida hapa. Snettisham ni hifadhi iliyo kwenye ghuba ya The Wash, mashariki mwa nchi, yenye tope pana sana. Maelfu kwa maelfu ya vitwitwi, hasa wale ambao Waingereza huwaita knot, hula juu ya tope hilo. Siku za maji mafu, tope halifunikwi lote, na ndege wanabaki mbali. Siku za bamvua bahari inalifunika kabisa. Hapo kundi zima linanyanyuka, linajipinda kama moshi, linapita juu ya vichwa vya watu na kutua kwenye vidimbwi vya nyuma ya ufukwe, mashimo ya zamani ya kuchimbia kokoto. Huko husimama wamebanana bega kwa bega mpaka maji yapwe.

Shirika la kulinda ndege la RSPB linalomiliki hifadhi hiyo hutoa orodha ya tarehe ambazo maji yanatosha. Msimu mzuri ni Agosti hadi Oktoba, kwa sababu maji ya bamvua hapo hujaa mapema asubuhi, na kadiri majira ya baridi yanavyosogea utajikuta gizani. Uwe umeshasimama saa moja na nusu kabla ya maji kujaa, na kutoka maegesho ni mwendo wa kama nusu saa kwa miguu. Pwani hiyo inatazama magharibi, hivyo asubuhi jua liko mgongoni.

Kinachoharibu siku ni hewa. Mgandamizo wa hewa ukiwa juu, bahari inashuka, kama sentimita moja kwa kila hektopaskali moja, na siku iliyo ukingoni mwa orodha inaweza kukuacha na tope lisilofunikwa na ndege waliobaki mita 400. Chagua tarehe zenye maji makubwa zaidi kwenye orodha. Tumia kasi ya shata 1/1600 na f/8 ili kundi lipate kina. Ukitaka mawimbi ya ukungu, shuka hadi 1/15 na ulifuate kundi kwa kamera taratibu. Usitembee juu ya tope kwa namna yoyote, na usiwakurupushe waliotua kwenye vidimbwi. Wamekuja kupumzika, na kila kuruka bure kunawala nguvu walizozila usiku kucha.

Majira ya baridi hapohapo kuna mabata bukini wanaotoka ghubani alfajiri kwenda mashambani. Hawa wana kanuni yao: mwezi ukiwa mpevu hula usiku, na alfajiri hakuna msafara. Bamvua nayo huja mwezi ukiwa mpevu au mwandamo. Ukitaka vyote viwili kwa safari moja, chagua bamvua ya mwezi mwandamo.

Magenge na visiwa

Bempton, Yorkshire, ina magenge ya chokaa ya kama mita 100 na ganeti kuanzia Machi hadi Septemba. Unafika kwa treni na kutembea. Uzuri wake uko kwenye upepo wa kaskazini au kaskazini mashariki: unagonga ukuta wa genge, unapanda juu, na ganeti wanaelea juu yake, usawa wa macho yako, wakiwa karibu kusimama. Upepo ukitoka bara, wanapita kama mishale. Nenda asubuhi, maana alasiri ukuta uko kivulini. Punguza mwangaza kwa theluthi mbili ya stopu, la sivyo kichwa na kifua vitaungua vyeupe na manyoya yatapotea. Bass Rock, karibu na North Berwick huko Uskoti, ina ganeti wengi zaidi, lakini unapiga kutoka kwenye boti inayoyumba. Kasi isiwe chini ya 1/2500.

Pafini, mwenye mdomo wa rangi, yuko Bempton pia, ila amejificha kwenye nyufa. Wa karibu yuko kisiwa cha Skomer, Wales, na visiwa vya Farne vinavyofikiwa kutoka Seahouses, kaskazini mashariki mwa England. Huja Aprili na kuondoka mwishoni mwa Julai. Picha ya mdomo uliojaa samaki ni ya Juni hadi katikati ya Julai, wakati wa kulisha kinda. Skomer ina kikomo cha wageni kwa siku, kwa hiyo weka nafasi mapema, na uombee mawingu mepesi: mweusi na mweupe chini ya jua la mchana ni vigumu kuvipata vyote. Farne kuna buabua wanaodonoa vichwa vya watu, vaa kofia. Mafua ya ndege yaliyopiga mwaka 2022 yalifanya wageni wazuiwe kushuka huko kwa muda, hivyo soma tangazo la National Trust, shirika linalovitunza visiwa hivyo, kabla ya kulipia boti.

Mwewe mwekundu

Shamba la Gigrin, karibu na Rhayader huko Wales, hulisha mwewe kila siku, saa nane mchana wakati wa baridi na saa tisa wakati wa joto, na lina vibanda maalumu vya wapiga picha vya kulipia. Wanakuja mamia. Ubaya ni kwamba picha za wote hufanana. Kutoka London, jaribu Watlington Hill kwenye vilima vya Chilterns, ambako mwewe walianza kurudishwa mwaka 1989. Upepo wa magharibi ukipiga mteremko, wanapanda nao, na wengine wanapita chini yako, mgongo wao mwekundu ukiwaka juani. Picha ya mwewe kutoka juu, nyuma yake msitu, ni bora kuliko mia moja za tumbo na anga jeupe.

Karibu na nyumbani

Usidharau bustani za jiji. Koikoi wa Regent's Park hawakimbii mtu; mita tano ni kawaida, na unaweza kurudi mara kumi kwa nauli ya basi. Walthamstow Wetlands na London Wetland Centre nazo zinafaa.

Mdiria unamtafuta kwenye mfereji au kijito chenye maji maangavu. Usianze kwa kumtazamia, anza kwa tawi. Angalia matawi yanayoning'inia mita moja hivi juu ya maji. Chini yake, kwenye jani au jiwe, kuna michirizi myeupe ya kinyesi, na wakati mwingine vijifupa vya samaki vyembamba kama sindano. Michirizi ikiwa mibichi, hapo ndipo anapokaa kila siku. Kaa ng'ambo, mita nane hadi kumi, jua nyuma yako, umeegemea shina la mti usionekane umbo. Atakutangulia kwa mluzi mkali mmoja kabla hujamwona. Shata iwe ya kimya.

Jambo moja lisilo na mjadala: Sheria ya Wanyamapori na Mashamba ya mwaka 1981 ina orodha ya ndege ambao ni kosa kuwasumbua kwenye kiota au karibu nacho, hata kwa uzembe. Mdiria yumo, bundi mweupe yumo, kozi yumo. Ukiona mdiria anapiga kelele mfululizo au amekaa na samaki mdomoni haingii shimoni, uko karibu na kiota. Ondoka palepale. Wala usitaje mtandaoni mahali pa kiota.

Bundi kutoka dirishani mwa gari

Kwetu bundi anaogopwa. Norfolk, Lincolnshire na Somerset watu hupunguza mwendo wa gari wapate kumwona bundi mweupe. Manyoya yake hayastahimili mvua, hivyo baada ya usiku mbili za mvua anakuwa na njaa, na alasiri ya kwanza kavu, isiyo na upepo, anawinda mchana. Siku hiyo ndiyo yako. Tafuta nyasi ndefu zisizokatwa kando ya mitaro, ukae saa mbili kabla ya jua kuzama. Anapita njia ileile kila baada ya muda, kwa hiyo mkikosana mara ya kwanza usimfuate, ngoja.

Gari ni maficho mazuri kuliko hema, kwani ndege amelizoea. Egesha pembeni kabisa, zima injini, weka dirishani mfuko wa kitambaa wenye kilo moja na nusu ya mchele, na ulaze lenzi juu yake. Hita izimwe nusu saa kabla na madirisha yote yafunguliwe. Hewa ya moto ikitoka kupitia dirisha la lenzi, kila picha itakuwa na ukungu wa mawimbi, na utailaumu lenzi bure.