Kompyuta pepe bila malipo: chagua kwa kuangalia mashine uliyo nayo

Mtu akiniuliza achukue programu gani ya kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta yako, namrudishia swali: unatumia mfumo gani, na RAM yako (kumbukumbu ya kazi) ni kiasi gani? Akishajibu, orodha ndefu huwa imebaki na majina machache tu.

RAM ndiyo inayouma. Kiasi unachoipa kompyuta pepe kinatoka kwenye RAM yako halisi, na kompyuta yenyewe nayo inahitaji yake. Laptopu yangu ina GB 8. Debian, aina mojawapo ya Linux, naipa GB 2 na inakwenda bila taabu. Windows 11 inadai angalau GB 4 za RAM na GB 64 za diski, na hapo laptopu nzima huanza kuhema. Kama una GB 4 kwa jumla, tosheka na Linux nyepesi.

Kisha hakikisha prosesa imeruhusiwa kufanya kazi hii. Kwenye Windows fungua Task Manager, nenda Performance, bofya CPU, usome mstari wa "Virtualization". Ukikuta imezimwa, ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuwaka: wenye Intel watafute VT-x, wenye AMD watafute SVM.

Wewe wa Linux usihangaike kutafuta mbali. KVM, kiendeshi cha kompyuta pepe, imo ndani ya kiini cha Linux tangu 2007, na kinachokosekana ni dirisha la kuiendeshea. GNOME Boxes inamfaa anayetaka mambo mepesi. Mimi napenda virt-manager kwa sababu inaniachia kupanga kila kitu. Mwenye Mac ya chipu za Apple achukue UTM. App Store wanaiuza, lakini kwenye tovuti yake ni bure. Humo weka mifumo ya ARM, aina ileile ya chipu za Apple, maana ile ya x86, ya prosesa za Intel na AMD, itaendeshwa kwa kuigizwa na itakuchosha kwa uzito.

Windows ndiko kwenye mjadala. Hyper-V, programu ya Microsoft yenyewe, inakuja na Windows Pro, wenye Home hawaipati. VMware Workstation Pro ni ya bure kwa kila mtu tangu Novemba 2024, hata kwa kazi za ofisini, na michoro ya 3D inaiweza vizuri. Ila lazima ufungue akaunti ya Broadcom ndipo uipakue. Anayeanza namwelekeza VirtualBox. Ni programu huria, na kompyuta pepe uliyoitengeneza kwenye Windows unaweza kuihamishia Linux. Jihadhari na kile kifurushi cha nyongeza, Extension Pack: kina leseni yake, bure kwa matumizi binafsi lakini si kwa biashara. Wengi hukisakinisha kwa mazoea, ilhali tangu toleo la 7.0 hata USB 3 imo kwenye programu yenyewe.

Ukishaiwasha kompyuta pepe kwenye VirtualBox, tazama ukingo wa chini wa dirisha. Ukiona kobe mdogo wa kijani, Hyper-V ya Windows imeshika prosesa na VirtualBox inalazimika kupitia kwake, ndiyo maana kila kitu kinajikokota. Zima Hyper-V kwenye Windows Features, kisha washa kompyuta upya. Kobe akikataa kuondoka, huenda anashikiliwa na Memory integrity, kinga mojawapo ya usalama ya Windows. Hiyo mimi siizimi, kwa sababu inalinda mashine nzima. Afadhali nivumilie uzito au nitumie Hyper-V yenyewe.

Mfumo ukishaingia, sakinisha ndani yake Guest Additions, programu saidizi za VirtualBox, ili skrini ijae dirisha lote na uweze kunakili maandishi kati ya mifumo miwili. Unapotaka kujaribu programu usiyoiamini, fanya kinyume: zima folda za pamoja na kunakili, kisha piga snapshoti, yaani hifadhi hali ya kompyuta pepe ilivyo wakati huo, ili uweze kurudi ulikokuwa. Snapshoti, hata hivyo, inakaa kwenye diski ileile na diski ikifa inakwenda nayo. Kwa nakala ya akiba, zima kompyuta pepe, itoe kama faili la OVA, faili moja linalobeba kompyuta pepe nzima, ulitunze kwenye diski ya nje.