Kuvuta gari kwa kamba: kazi kubwa ni ya dereva wa nyuma
Tumetoka kuvuta gari la jirani lililozima njiani, nikajifunza hili. Anayevutwa aguse breki taratibu kila anapoona kamba inaanza kulegea. Kamba iliyolegea ikivutwa ghafla hukatika au hung'oa ndoano, na ikirudi kwa kasi inaweza kuua, kwa hiyo asisimame mtu karibu. Ufunguo uzungushwe hadi taa za dashibodi ziwake, usukani usijifunge. Injini ikiwa imezima, breki huwa ngumu mno. Mwambie dereva wa nyuma mapema kwamba itabidi akanyage kwa nguvu kuliko kawaida. Breki zikiwa zimekufa, au gari likiwa la otomatiki, achana na kamba, tafuta gari la kulibeba.