Mbuzi ya Shangazi: Jinsi ya Kubuni Chombo cha Jikoni

Mbuzi ya kwanza niliyoitengeneza ilikuwa nzuri kupita kiasi. Niliipiga randa mpaka ikawa laini kama kigae, nikaichonga maua pande zote mbili, nikaipaka vanishi mara tatu, nikaibeba mpaka kwa shangazi yangu, mtaa wa Kuze. Shangazi akaikalia, akashika nusu ya nazi aliyokwisha kuivunja, akakuna mara nne. Ya tano akateleza kwenda mbele, nusura goti lipige chuma. Akainuka kimya, akachota nazi kidogo bakulini, akanipa ninuse. Ilinuka rangi.

"Mwanangu," akaniambia, "mbuzi hini ni ya kutizamwa. Mimi nataka ya kukunia."

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Majengo, Mombasa, chumba kimoja chenye meza moja na dirisha linaloingiza vumbi zaidi ya upepo. Vitanda na makabati sitengenezi. Kazi yangu ni vitu vidogo: mbuzi, vigoda, miiko, marufaa ya kuwekea msahafu, rafu za vikombe. Haya nayaandikia mtu anayetaka kujitengenezea chombo chake, au anayetaka kumwelekeza fundi asije akalipia pambo la ukutani. Nitaifuata mbuzi toka mwanzo, kwa sababu kitu kile kidogo hukaliwa, humwagikiwa maji, huingia mafuta ya nazi, hubeba chuma, na huishi katika hewa yetu ya chumvi. Ukiiweza mbuzi, kigoda hakikushindi. Najua mashine za kukunia nazi zipo, na shangazi mwenyewe huzikimbilia kukiwa na arusi. Lakini nazi moja ya mchuzi wa samaki haimtoi mtu nyumbani.

Anzia mlangoni pa jikoni

Usichore kitu bado. Nilirudi Kuze na futi ya kupimia na kidaftari, nikaketi kizingitini asubuhi mbili nikimwangalia mtu mzima akifanya kazi yake. Jirani alidhani nimefukuzwa kwangu.

Niliona mambo ambayo nisingeyabahatisha hata kwa mwaka. La kwanza, shangazi haipandi mbuzi kama mtu aliyepanda punda. Huketi kiubavu, miguu yote upande mmoja, kwa sababu ya dera na leso. Maua niliyoyachonga ubavuni yalikuwa yakimkwaruza paja. La pili, mikono yake huwa imelowa maji ya nazi tangu anapoipasua, kwa hiyo popote anaposhika pana unyevu. La tatu, sufuria anayokingia ina mdomo mpana, na chuma changu kilikuwa chini mno: kila akizungusha kifuu, kinagonga ukingo. La nne ndilo lililonitia haya. Akimaliza, huikung'uta, huosha chuma peke yake, hukunja, kisha huitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Yangu haikukunjika wala haikuwa na tundu la kutundikia.

Vipimo navyo vichukue kwa mwili wa mtumiaji. Vitabu vitakwambia kiti cha chini kiwe hivi au vile. Mimi nilipima shubiri ya shangazi, nikapata sentimita 19, nikaamua kimo kiwe shubiri yake moja. Tulijaribu kwa matofali na vipande vya mbao. Kikishuka chini ya hapo, anapata taabu kuinuka, magoti yake yana miaka sabini na ushei. Kikipanda, anainama kiunoni kuifuata sufuria, na mgongo unalalamika kabla nazi haijaisha. Unapomtengenezea mtu unayemjua, tumia shubiri yake. Ukitengeneza za kuuza, pima wanawake watano au sita wa mtaani, uchague kipimo ambacho mfupi wao hataabiki nacho. Mrefu atajirekebisha, mfupi hana la kufanya.

Mbao, na hewa ya Mombasa

Hapa ndipo wengi hupotea, maana huchagua mbao kwa rangi.

Mti uliokatwa hauachi kutembea. Ubao hunywa unyevu wakati wa masika ukavimba, na kaskazi ikivuma ukasinyaa. Kwa urefu hausogei kiasi cha kukusumbua. Unaotanuka ni upana. Ndiyo maana droo inayoteleza vizuri mwezi wa Februari hukwama mwezi wa Mei, na mwenye nyumba humlaani fundi. Kwa hiyo kila mahali ambapo ubao unapita ndani ya mwingine, acha nafasi. Mimi huingiza sarafu ya shilingi: ikipita kwa kubanwabanwa kidogo, inatosha.

Saiprasi ni rahisi kwa bei na inakubali randa, lakini ni laini. Tundu la pini hupanuka, na mbuzi huanza kuyumba kabla ya mwaka kupita. Mkaratusi una nguvu, ila hupinda kama hukuusubiri ukauke. Mwembe naupenda kwa vyombo vya chakula, na huku kwetu miembe haikosekani, lakini usipoukausha mapema bungua huuingia. Ukiona unga mweupe sakafuni chini ya kigoda, ujue kinaliwa kwa ndani. Mnazi hauna fundo hata moja kwa kuwa hauna matawi. Nje ni mgumu wa kuua msumeno, katikati ni kama sponji. Chukua mbao za nje tu, za mnazi mzee. Mvule hustahimili maji na mchwa, bei yake ndiyo inayouma, na vumbi lake linauma pia, funga pua.

Mbuzi ya pili ya shangazi niliitoa kwenye fremu ya mlango wa zamani uliokuwa umevunjwa. Mvule wa miaka mingi, umekwisha kuvimba na kusinyaa misimu isiyohesabika. Nilichomoa misumari saa nzima, na msumeno bado ukapata mmoja.

Neno kuhusu paleti, kwa kuwa bandari iko hapa na mbao zake zimejaa mitaani. Tafuta muhuri: una alama ya suke la ngano, herufi za nchi, na herufi mbili za namna ilivyotibiwa. HT maana yake imepashwa moto mpaka kiini kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30. Hiyo chukua, ila angalia isiwe na madoa ya mafuta au kemikali. MB maana yake imefukizwa kwa methili bromaidi, ambayo ni sumu ya wadudu. Hiyo isiingie jikoni. Isiyo na muhuri kaa nayo mbali, hata ukipewa bure.

Umbo

Kata boksi la katoni kwanza. Katoni haina gharama, na ukikosea hukasiriki. Nilikata mbuzi nne za katoni, nikamwekea shangazi mbele anichagulie ile ambayo mkono wake unaifuata bila kufikiri.

Umbo lililobaki ni la zamani, sikulibuni mimi: vipande viwili vinavyopishana kama mkasi, ndugu yake marufaa. Kirefu kina sentimita 62, kifupi 40, vyote upana wa 18 na unene wa inchi moja. Ukienda dukani waambie nane kwa moja, ukapunguze mwenyewe. Kirefu kinakatwa dirisha katikati. Kifupi kinachongwa kiuno kikapita ndani ya dirisha hilo, na pini moja inavishika. Vikifunguliwa, mtu hukalia pale vinapopishana. Vikikunjwa, unabaki ubao bapa unaoweza kulala nyuma ya mlango.

Kisha nikaanza kuondoa. Maua yalikwenda. Sidharau nakshi, nimezaliwa kwenye mitaa yenye milango ya nakshi, ila mlango hauoshwi pamoja na vyombo. Kwenye maua ya mbuzi yangu ya kwanza mafuta ya nazi yaliganda, yakawa meusi, na sisimizi wakapajua. Kona zote za ndani nikazifanya za mviringo kwa tupa ili kitambaa kifike. Kingo nilizilainisha pale tu mwili unapogusa: ubavu anaokalia, na chini ya kiti ambapo vidole huingia akiinyanyua. Kwingine nimeuacha ukingo wazi.

Pini usiiweke ya chuma cha kawaida. Chumvi ya hewa yetu huila, kutu huvimba ndani ya tundu, na siku moja mbuzi haikunjiki tena. Tumia ufito wa shaba au pini ya mti mgumu; mimi niliweka ya mkoko. Iwe ya kuchomoka kwa kugongwa.

Chuma nilikichongesha kwa mhunzi wa jua kali, kutokana na springi ya gari. Upana wa sentimita 5, ili kizunguke vizuri ndani ya kifuu. Meno yawe mafupi na sawasawa. Meno marefu hukwangua mpaka ganda, na tui hutoka na rangi ya chai. Kifunge kwa skrubu mbili zisizoshika kutu, usikipigilie misumari, maana kitahitaji kunolewa, na hakuna atakayebeba mbuzi nzima mpaka kwa mhunzi kwa ajili ya meno.

Kupaka

Vanishi sahau. Siku moja itabanduka, na itabandukia kwenye chakula.

Chukua nta ya nyuki kijiko kimoja na mafuta ya nazi vijiko vinne. Weka kwenye bakuli, bakuli liweke juu ya maji ya moto, usiweke nta motoni moja kwa moja. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo hapa Mombasa utayakuta maji karibu mwaka mzima. Nta ndiyo ya kusubiri. Paka kwa kitambaa yakiwa vuguvugu, acha usiku kucha, futa asubuhi, rudia. Kila baada ya miezi kadhaa mwenyewe atapaka tena, na mafuta anayo jikoni. Ukipendelea mafuta ya kitani, yanakauka vizuri zaidi, lakini vitambaa ulivyopakia vitandaze nje au uvitie majini. Ukivifinyanga na kuvitupa pembeni, vinaweza kushika moto vyenyewe. Kuna mzee wa jahazi aliwahi kunishauri nitumie sifa, yale mafuta ya samaki. Sifa ni ya jahazi. Jikoni itakufukuzia wageni.

Kuhusu kuteleza, dawa yake ni ndogo mno kiasi cha kuudhi: kwenye kiti, ishia msasa namba 120. Shingoni, pale chuma kinapofungwa, na chini panaposhikwa, endelea mpaka 240. Ubao wenye ukwaru kidogo humshika mtu, na nguo haichaniki.

Kama huna vyombo vya useremala

Anza na upawa. Chagua nusu ya kifuu isiyo na macho, kwa kuwa jicho moja kati ya matatu ni laini na litavuja. Kwangua nyuzi za nje kwa kigae cha chupa, ukivaa kitu mkononi, kisha msasa. Toboa matundu mawili karibu na ukingo, yakabiliane, upitishe mpini wa mti toka upande mmoja hadi wa pili, ncha yake uibane kwa kabari. Gundi usitie, mchuzi wa moto utaiyeyusha. Mpini uwe mrefu kiasi cha mkono kukaa nje ya mvuke wa sufuria unayoitumia wewe. Pima kwa sufuria yako.

Baada ya mwezi

Nilipompelekea ya pili, shangazi alikuna nazi mbili mfululizo akizungumza na jirani habari za maji kukatika. Hakuitaja mbuzi kabisa. Nikajua imekubalika.

Lakini usiishie hapo. Rudi baada ya mwezi, utazame mtu alichokiongeza. Chombo kikiwa na kasoro, mwenyewe hukirekebisha bila kukwambia: atafunga kamba, atachomeka karatasi chini ya mguu. Nilikuta shangazi amezungushia shingo ya mbuzi kipande cha leso kuukuu. Nikamuuliza cha nini. "Hapa panang'ata," akasema, akanionyesha alama upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Kingo za shingo, mahali nilipodhani hapaguswi, ndipo mkono wake hupumzika akigeuza kifuu. Dakika kumi za tupa. Mbuzi zote nilizotengeneza tangu siku hiyo zina shingo ya mviringo, na wateja huniuliza kama ni urembo.

Ile ya vanishi bado ninayo karakanani. Naweka redio juu yake.