Joto la Dar hili, chagua kitambaa kwanza fasheni baadaye

Kuanzia Desemba mpaka Machi Dar haikaliki jamani, joto linapita 30 na unyevunyevu juu, so ukivaa poliesta jasho halina pa kwenda linabaki mgongoni tu. Tafuta pamba au kitani, kitani kinajikunja hatari ila kinapitisha upepo vizuri sana, mi mikunjo siijali.

Sasa Kariakoo utaambiwa kila kitenge ni pamba, usikubali kirahisi maana vya poliesta vimejaa. Omba kauzi kadogo pembeni, kachome na kiberiti (nje, mbali na nguo zingine), kakinuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini hiyo huenda ni pamba, siyo poliesta, kakiyeyuka na kuganda kagumu kama kashanga hiyo ni plastiki mzee. Ikichanganywa utaona vyote viwili. Mitumbani ni rahisi zaidi, soma lebo ya ndani.

Alafu inua kitambaa kwenye mwanga uone kama ni chepesi, maana jinzi nayo ni pamba lakini nzito, utaiva tu. Rangi chukua nyepesi kama nyeupe kama unatembea juani, na mwambie fundi asikubane kwapani, bila bitana kama kitambaa hakionyeshi.