Kugombea uwakilishi wa jimbo Maine ukiwa na gereji na huna tajiri nyuma yako

Msimu uliopita wa uchaguzi nilikuwa mweka hazina wa rafiki yangu, fundi wa magari kutoka Bukavu, mwenye gereji inayoingiza magari mawili kwa wakati mmoja. Aliamua kugombea kiti cha Baraza la Wawakilishi la jimbo la Maine. Kazi yangu mimi ni kuandika hesabu za maduka madogo, basi nikadhani nitakuwa napanga risiti tu jioni huku nikinywa chai. Kumbe! Tangu hapo wamenipigia simu mwenye saluni, mwenye duka la vyakula na dereva wa lori, wote wakiuliza mlifanyaje. Nimechoka kurudia, nimeandika.

Niseme mapema kwamba Fundi hakushinda. Ukitaka siri ya kushinda, hapa hautaipata. Hapa utapata namna ya kulifikisha jina lako kwenye karatasi ya kura bila tajiri na bila kufunga biashara. Haya ni ya Maine. Ukivuka mpaka tu ukaingia New Hampshire mambo ni mengine kabisa: wabunge wao wa baraza la chini ni 400 na kila mmoja hulipwa dola 100 kwa mwaka. Sisi tuna 151.

Hatua ya 1: Je, unaruhusiwa?

Uwe na miaka 21, uwe umekaa Maine mwaka mmoja, na kwenye wilaya yako ya uchaguzi miezi mitatu kabla ya kura. Uwe raia wa Marekani kwa miaka mitano. Hiyo mitano huhesabiwa tangu ulipokula kiapo cha uraia, si tangu uliposhuka ndege.

Hatua ya 2: Nani atafungua gereji?

Watu huiruka hii, halafu wanakuja kulia. Bunge la Maine hukutana Augusta kuanzia Januari hadi Juni mwaka wa kwanza, na Januari hadi Aprili mwaka wa pili. Mshahara wake hautoshi kuacha kazi. Na hapo ni baada ya kushinda. Kampeni yenyewe itakula jioni zako zote na Jumamosi zako. Fundi alikaa na mkewe na kijana wake wa kazi, wakaandika kwenye karatasi nani anashika spana siku gani. Kama huna huyo kijana, subiri miaka miwili. Kiti hakikimbii, uchaguzi ni kila baada ya miaka miwili.

Hatua ya 3: Mweka hazina, akaunti, usajili

Mtafute mtu anayependa karatasi, asiwe wewe. Fungua akaunti ya benki ya kampeni peke yake. Jisajili na Tume ya Maadili ya jimbo, ile inayosimamia pesa za uchaguzi. Siku moja inatosha.

Hatua ya 4: Saini 25

Kwa anayegombea kupitia chama, unahitaji saini zisizopungua 25. Unaanza kukusanya Januari 1, na karatasi zifike kwa Katibu wa Jimbo kabla ya saa kumi na moja jioni, Machi 15. Asiye na chama anahitaji zisizopungua 50.

Ishirini na tano! Fundi alicheka. Wateja 25 anawapata kabla ya chakula cha mchana. Akaiweka fomu kwenye kaunta, akafunga kalamu kwa kamba, akarudi chini ya gari. Jioni alikuwa na majina 31, amefurahi kama bwana harusi.

Ile karatasi tuliichana. Sababu ya kwanza, anayekusanya saini huapa mbele ya notari, yule afisa anayeshuhudia viapo, kwamba ameshuhudia kila mtu akitia saini kwa macho yake. Mtu aliyelala chini ya Corolla hajashuhudia kitu. Sababu ya pili, anayetia saini lazima awe mpiga kura aliyesajiliwa, anayeishi ndani ya wilaya yako, na aliyejiandikisha kwenye chama chako. Nilipowapitisha wale 31 kwenye orodha ya wapiga kura, waliobaki walikuwa wanane. Wengine walikaa ng'ambo ya mto, wengine walijiandikisha bila chama, na wengi, ndugu zetu, hawajawa raia bado.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote humu: wateja wako si wapiga kura wako. Duka hujazwa na watu wanaokupenda. Karatasi ya kura ina mipaka yake, imechorwa barabara kwa barabara.

Na hili naliandika kwa wino mzito: usimpe mtu asiye raia fomu ya kujiandikisha kupiga kura, hata kama ndiye anaomba kukusaidia. Akiijaza, hata kwa kutojua, anaweza kuharibu kesi yake ya uhamiaji na kurudishwa kwao. Mwambie, "Mama, msaada wako naupokea, ila si kwa karatasi hii." Atapika sambusa, ataleta jirani mwenye uraia. Inatosha.

Kuna mtego mwingine mdogo. Tangu 2024 mtu asiye na chama anaruhusiwa kupiga kura kwenye mchujo, yaani kura ya kumteua mgombea wa chama, wa chama kimoja anachochagua. Kwa hiyo atakwambia, "Mimi nitakupigia, kwa nini nisitie saini?" Kura anaweza, saini yako ya chama hawezi.

Tulivyofanya mara ya pili: tulipata orodha ya wapiga kura, nikaichapisha, nikapaka rangi ya njano majina ya watu wa chama kwenye mitaa sita iliyo karibu na gereji. Tukatoka wawili baada ya kazi. Chama kilitupa programu ya simu ya kufanya hivyo, sikuipenda. Simu hufa kwenye baridi ya Februari, karatasi haifi. Kalamu nazo huganda wino, beba tatu na moja ikae mfuko wa ndani ya koti. Jioni nne tukawa na saini 38. Ukaapishwe kwanza na notari, halafu ndipo uzipeleke kwa karani wa mji azihakiki. Usifike siku ya mwisho, maana karani naye ni binadamu na wagombea wengine wamejaa foleni.

Hatua ya 5: Pesa za mbegu

Maine ina kitu ambacho majimbo mengi hayana. Wapiga kura walipitisha mwaka 1996, kikaanza kutumika 2000: mgombea akithibitisha kwamba watu wa kawaida wa wilaya yake wanamtaka, mfuko wa serikali unamlipia kampeni, naye anaacha kuomba pesa za watu. Kwa fundi wa magari hakuna njia nyingine yenye akili. Najua kuna wanaosema bora uchangishe kivyako uwe huru. Wanaosema hivyo wana shemeji daktari.

Kabla ya kupata huo mfuko unaruhusiwa pesa kidogo za kuanzia. Ni kwa watu binafsi tu, kila mmoja asizidi dola 100, wewe mwenyewe ukiwemo, na jumla isizidi dola 1,000 kwa kiti cha uwakilishi. Sasa sikiliza, maana sisi tumelelewa kwenye harambee. Ile ya kupitisha kofia, mtu anatupa noti bila jina, hapa haipo. Kila senti ina mwenyewe na jina lake linaandikwa. Shangazi wa Nairobi hawezi kukutumia hata dola moja. Mwenye grini kadi anaweza kuchangia. Anayesubiri kesi ya hifadhi, mwenye kibali cha kazi tu, au mwanafunzi wa viza, hawezi.

Na gereji haiwezi. Hii ilimuuma Fundi. "Si yangu?" Ni yako, ila duka ni duka na wewe ni wewe. Ukichapisha vipeperushi kwa printa ya gereji na wino wa gereji, gereji imechangia. Ukimtuma kijana wako wa kazi akabandike mabango ukiwa unamlipa mshahara wa gereji, gereji imechangia. Tulinunua rimu ya karatasi ya kampeni tukaiandika KAMPENI kwa maka, watu wakatucheka.

Hatua ya 6: Dola tano, mara sitini

Huu ndio uthibitisho wenyewe: wapiga kura wasiopungua 60 wa wilaya yako, kila mmoja atoe dola tano kwa Mfuko wa Uchaguzi Safi, ndio ule mfuko wa serikali unaolipia kampeni. Kwa seneti ya jimbo ni 175. Dola hizo si zako, zinaenda kwenye mfuko. Mwisho kwa mgombea wa chama ni Aprili 20. Wasilisha kwanza tamko la nia kwa Tume, ndipo uanze kupokea.

Hapa hawaulizi chama. Yeyote aliyesajiliwa kupiga kura ndani ya wilaya anafaa. Basi nikaona ni rahisi kuliko saini. Hatua hii ilinila wiki tatu.

Tatizo ni adabu zetu. Unabisha hodi kwa mzee, anakukaribisha, unakunywa chai, unaeleza. Anasema, "Mwanangu, nakuunga mkono, ila leo sina hata senti." Kwetu mtu mwenye heshima anajibu, "Usijali Papa, nitakuwekea." Hapo umeharibu. Hizo dola tano lazima zitoke mfukoni mwake yeye, na anatia saini kwenye fomu kwamba ni zake na hakupewa kitu. Ukimlipia, si kosa dogo la karatasi. Ni uongo mbele ya serikali, na ugombea wako unaweza kuishia hapo.

Kwetu haikuwa Fundi, alikuwa binamu yake anayekaa kwenye kaunta. Mteja anakuja kuchukua gari, anasema weka na ile dola tano ya kampeni, nitakupa wiki ijayo. Binamu anachomoa tano kwenye droo ya gereji, anaandika jina. Nia njema kabisa. Niligundua katikati ya Machi nilipokuwa nafunga hesabu za droo, si za kampeni: siku tatu mfululizo ilipungua kwa mafungu ya tano tano. Tulikaa hadi saa saba usiku tukipitia jina moja moja. Tisa tuliyatoa. Mengine manne yalikuwa na wasiwasi, tukayatoa pia. Kutoka 66 tukashuka hadi 53, na theluji ilikuwa inaanguka.

Baada ya hapo niliweka masharti yangu, uyachukue yalivyo:

Kwenye kaunta ya biashara haupokelewi mchango wa mtu. Hata wa mke wa Fundi haukupokelewa pale, alitoa nyumbani.

Sipokei taslimu. Sheria inataka hundi au mani oda iandikwe kwa jina la Mfuko, na noti za tano zikikaa pamoja hakuna anayekumbuka ipi ni ya nani. Mtu asiye na kitabu cha hundi anaweza kulipa kwa kadi kwenye tovuti ya jimbo. Kadi yake, simu yake, kidole chake. Mtoto wake akitaka kumlipia kwa kadi ya mtoto, hapana.

Usitoe kitu kwa malipo ya hiyo tano. Usimwage oili bure, usipunguze bei ya breki, usigawe hata kahawa ya "asante kwa mchango". Fundi aliwahi kumpunguzia mama mmoja dola kumi za tairi wiki ileile aliyochangia, kwa sababu tu ni mama mwenye watoto watano. Pengine isingekuwa shida. Nililitoa jina lake.

Andika siku hiyohiyo. Mimi natumia Excel yenye safu tano: jina kama lilivyo kwenye orodha ya wapiga kura, anwani, tarehe, namna ya malipo, na nani alipokea. Jina ni muhimu kuliko unavyodhani. Watu wetu wana majina yaliyogeuzwa na afisa wa uhamiaji, la ukoo limekuwa la kwanza, herufi moja imeongezwa. Akiandika analoitwa msikitini au kanisani, karani hamuoni kwenye orodha na anamkata. Muombe aangalie kitambulisho chake kabla ya kuandika.

Kusanya 75. Makarani wanahakiki kila jina, na huwezi kujua nani alihama mwezi uliopita. Sisi tulipeleka 74, zikapita 67.

Hatua ya 7: Mabango

Kila bango liandikwe nani amelilipia na anwani. Likiwekwa kando ya barabara ya umma lina masharti yake ya siku na kibandiko. Machache yanatosha, mabango hayapigi kura.

Hatua ya 8: Hodi, na kura ya pili

Mchujo ni Jumanne ya pili ya Juni. Kwenye mchujo Maine mpiga kura hupanga wagombea kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho anatolewa na kura zake zinahamia kwa waliopangwa wa pili. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi ni wa yule mwingine," usiage. Muombe namba mbili. Novemba, kwenye uchaguzi mkuu, kwa viti vya bunge la jimbo hakuna kupanga namba, anayeongoza ndiye amechukua.

Usimseme vibaya mpinzani mlangoni. Unaomba namba mbili kwa watu wake. Na usijione wa kwanza kupita njia hii: mwaka 2022 Mana Abdi wa Lewiston na Deqa Dhalac wa South Portland, wote wazaliwa wa familia za Kisomali, waliingia Augusta.

Hatua ya 9: Ripoti

Tume itakupa kalenda ya ripoti. Ibandike ukutani. Pesa za mfuko zinazobaki hurudishwa, na Tume inaweza kukagua matumizi, kwa hiyo kila risiti ikae, hata ya pini za karatasi. Zetu ziko kwenye boksi la plagi chini ya kaunta ya gereji, nyuma ya dumu la kupozea injini. Boksi lenyewe nilimlipa Fundi dola moja kutoka akaunti ya kampeni, na risiti yake imo ndani.